Nikishika Pua ni Mbili

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Dorothea, ameniita ofisini kabla sijamaliza chai. Mwalimu Salama wa darasa la awali amejifungua, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Nikasema hongera zake. Nikadhani tunachangishana. Kumbe hapana. Mwalimu Dorothea akauliza nani atawashika watoto wa awali mpaka apatikane mwingine. Nikageuka kumtafuta huyo nani. Ofisini tulikuwa wawili tu.

Mimi! Sharifu! Miaka kumi na minne nafundisha hisabati darasa la sita na la saba! Mtu wa vipeuo na asilimia kupelekwa kwa watoto wa miaka mitano wenye kamasi!

Lakini sikubisha. Nina sababu zangu. Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi tangu Januari, na wanaoimezea mate ni wawili: mimi na Mwalimu Anselm wa darasa la kwanza. Nikakubali kwa tabasamu pana. Nikaandika andalio la somo papo hapo. Hadi Jumatano, namba moja mpaka ishirini. Alhamisi kujumlisha. Ijumaa kutoa. Wiki ya pili tuone kama tutagusa sehemu.

Nimeingia darasani saa mbili kamili. Saa tatu kasorobo bado napokea shikamoo. Wako arobaini na watatu, na kila mmoja anataka marahaba yake mwenyewe. Ukiwajibu kwa jumla wanaanza upya.

Nikaandika 1 ubaoni. Nikauliza hii ni nini. Wakasema fimbo. Nikasema hapana. Nyoka amesimama. Hapana. Mtoto mmoja akanitazama, akatazama ubao, akasema ni wewe mwalimu. Darasa zima likakubali. Mimi ni mwembamba, sikatai, lakini si kiasi hicho.

Mwingine, Hassani, akaondoka kupitia dirishani. Madirisha yetu hayana vioo. Anayetaka kutoka anatoka, na ukungu ukitaka kuingia unaingia. Nilimkuta Hassani kwenye shamba la kabichi la bibi yake, anakula kiazi cha kuchemsha. Bibi akanisalimu kwa Kishambaa, onga maundo, akanipa kiazi na mimi. Nikala. Nilikuwa nimechoka.

Namba zilizofundishwa leo: moja. Na hiyo moja wanaamini ni mimi.

Jumanne, 6 Mei

Kuna binti anaitwa Efrazia. Miaka mitano, anakaa mbele, ndiye mwenye darasa. Jana aliniambia Mwalimu Salama huwa anaimba. Aliniambia kwa upole, kama anamwambia mgonjwa.

Basi leo nimeimba. Mke wangu Salma aliwahi kuniomba nisiimbe nikioga kwa sababu mbuzi wanaacha kula, lakini kazi ni kazi. Nimetunga wimbo wa a, e, i, o, u. Watoto wakatulia kabisa. Nikajua nimewapata. Nilipofika u, wawili wakalia.

Hapo hapo ukuta wa pili ukaitika. Gita! Anselm anapiga wimbo wangu uleule, ila ameurekebisha. Watoto wangu wote arobaini na watatu wakainuka, wakajazana madirishani kumsikiliza. Nilibaki na chaki.

Baadaye akaja kuegemea dirishani kwangu, anatafuna muwa. Akasema nikihitaji msaada nimwite, ndugu yangu. Ndugu yangu! Asilimia za chuki niliyosikia hata haziandikiki.

Mchana tulifinyanga udongo. Kila mtoto afinyange anachopenda. Nilipata magari thelathini hivi, kuku watatu (wanasema nguku, nikawasahihisha, halafu nikakumbuka hata mimi nyumbani nasema nguku) na Mwalimu Anselm tisa wenye magita. Mimi sikufinyangwa na mtu.

Jumatano, 7 Mei

Mpango mpya. Vitendo! Jana niliwaambia kila mtoto aje na vitu vitano vya kuhesabia kutoka nyumbani. Nilikuwa nawaza vizibo vya soda na magunzi ya mahindi. Sikusema. Hilo ndilo kosa.

Vimeletwa: magunzi, ndiyo, tena mengi. Viazi. Mayai matano, yamefika manne. Simu ya mama. Vifaranga vitano ndani ya sweta, na mama yao nyuma yao mpaka darasani, hasira tupu. Hassani ameleta meno ya bandia ya babu yake. Nikamwambia niliomba vitano. Akasema haya ni mengi zaidi, mwalimu, hesabu.

Kufikia saa nne wazazi wako mlangoni. Babu mwenyewe hakuja, kwa sababu zinazoeleweka. Amekuja bibi. Alichosema kwa Kishambaa siandiki. Alitaja hadi shule niliyosomea.

Vilivyobaki tumevipanga kwenye kona ya duka. Watoto wananunua kwa majani. Nikapanga foleni na mimi kununua viazi. Efrazia, mwenye duka, aliponiona nimefika mbele akasema tumefunga.

Ijumaa, 9 Mei

Habari kubwa! Mwalimu Mkuu ametutangazia leo. Afisa Elimu Kata, Madam Jackline, anakuja Jumatano. Kuna vioo vya madirisha na meza ndogo ishirini kwa ajili ya darasa moja tu la awali katika kata nzima. Yeye ndiye atakayependekeza ni darasa gani. Upande wa pili wa bonde kuna shule inayovitaka pia, na inasemekana watoto wao wanahesabu hadi mia.

Mwalimu Dorothea akaniambia pembeni kwamba watoto hawa wanakohoa tangu mvua zianze, kwamba wanakaa kwenye mikeka juu ya sakafu baridi, na kwamba ananitegemea. Nilimsikia. Nilisikia vizuri zaidi aliposema Madam ataulizwa maoni yake kuhusu mwalimu wa taaluma.

Hadi mia! Wangu wanafika kumi na wakati mwingine wanarudi. Siku zimebaki chache. Nimewaza tangu nitoke msikitini mpaka nyumbani, nimepita mlango wangu nikafika kwa jirani. Lakini nimelipata.

Ishara! Mtoto hahitaji kujua jibu. Anahitaji kunitazama. Nikishika pua, mbili. Kidevu, tatu. Tumbo, nne. Sikio, tano. Kichwa, kumi. Mimi nauliza maswali, mimi nachagua majibu. Sijui kwa nini watu wanahangaika kufundisha.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya majaribio kwa Salma akichambua maharage. Nikashika sikio. Akauliza kama limeingia mdudu. Nikamweleza mpango. Akauliza: je, huyo Madam akiuliza maswali yeye mwenyewe? Nikamwambia wewe hujui mambo ya elimu. Akasema sawa, akanipa maharage nichambue.

Jumatatu, 12 Mei

Maajabu! Asubuhi moja tu wameshika zote. Walikuwa hawashiki namba, wameshika mwalimu. Nikigusa kidevu tu, paa linatetemeka: tatu! Wanacheka, wanarukaruka, wamesahau gita. Wakati wa uji mpishi alijikuna sikio, arobaini na wawili wakamwambia tano. Akawapa uji wa nyongeza akidhani wameomba. Darasa linapenda elimu hatimaye.

Nasema arobaini na wawili kwa sababu kuna mmoja hayumo. Anaitwa Happiness. Wamehamia mwezi uliopita kutoka Njombe, baba yuko shamba la chai upande wa Bumbuli, yeye na mama yake wamepanga kwa Mzee Zabron. Wenzake wakicheza wanacheza kwa Kishambaa, na yeye hajui hata neno. Anakaa mlangoni peke yake, mgongo kwangu, anapanga magunzi. Sijawahi kusikia sauti yake. Nimekwenda kuchuchumaa karibu naye kidogo (kutoka pale unamwona Anselm akija). Hakunitazama. Ila baada ya muda akanipa gunzi moja, nikalipokea, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuliweka. Nikaweka. Akalisogeza kidogo, nilikuwa nimekosea.

Sikumsumbua na ishara. Mmoja hawezi kuharibu kitu.

Jumatano, 14 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kitako jikoni. Salma ameniwekea chai.

Madam Jackline alifika saa tatu kwa bodaboda, amelowa hadi kilemba, ana mafua. Mafua! Kati ya siku zote!

Mwanzo ulikuwa wa dhahabu. Nikauliza ng'ombe ana miguu mingapi, mkono tumboni. Nne! Nikauliza mtu ana macho mangapi, kidole puani. Mbili! Vidole vya mkono mmoja? Tano! Madam akaandika kitu. Mwalimu Mkuu akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Anselm alikuwa dirishani na muwa wake, akaacha kutafuna. Laiti ningesema asanteni, kwaherini!

Badala yake nikaomba ruhusa niulize maswali magumu zaidi.

Ukungu ukaingia. Madam akatoa leso, akaiweka puani, akapiga chafya.

"MBILI!" wakapaza sauti watoto.

Akashtuka. Akarekebisha kilemba.

"KUMI!"

Akajikuna sikio, kama mtu anayehakikisha anasikia vizuri.

"TANO!"

Akanigeukia aulize kuna nini. Mimi tumbo lilikuwa limeniuma ghafla, nikalishika. "NNE!" Nikajaribu kuwanyamazisha kwa kidole mdomoni. Hiyo hatukuwa tumeifundisha, wakagawanyika. Wengine walisema mbili kwa kuwa kidole kilikuwa karibu na pua.

Ndipo Efrazia akasimama, uso umejaa furaha. "Mwalimu! Kumbe mgeni naye anajua!"

Madam akainama mpaka wakalingana macho. "Najua nini, mwanangu?"

"Ukishika pua ni mbili. Sikio ni tano. Mwalimu ametufundisha wote." Kisha akapunguza sauti, sauti ya Efrazia iliyopunguzwa inafika barabarani. "Lakini tusimwambie mtu."

Nimewahi kuanguka na baiskeli kwenye mteremko wa kwenda Mlalo, mbele ya watu wa sokoni, na gunia la viazi juu yangu. Leo ilikuwa mbaya zaidi.

Madam hakunifokea. Aliniomba tu nikae kwenye mkeka na watoto, na mikono niikalie. Nikaikalia. Sakafu ile, jamani! Baridi ilipanda mpaka kwenye meno. Wiki nzima nimesimama mle ndani na viatu vyangu, sikuwahi kukaa.

Akawauliza kwa upole: "Haya, wanangu. Humu ndani tuko wangapi?"

Macho yote yakanigeukia. Yakatafuta mikono yangu. Hassani akazunguka nyuma yangu kuangalia nimeificha wapi. Hakuna aliyethubutu hata kusema moja. Watoto ambao juzijuzi walikuwa wananunua viazi kwa majani na kunifungia duka! Nikaona nilichofanya. Kile kidogo walichokuwa nacho, nimewanyang'anya mimi. Nilitamani nitoke kwa njia ya Hassani, lakini dirishani alikuwepo Anselm.

Kitu kikagusa goti langu. Gunzi. Happiness alikuwa ametoka mlangoni na sweta lake limejaa magunzi. Akaweka moja mbele ya kila mtoto, polepole, akipanga kila moja linyooke. Hakuna aliyemwambia. Alipomaliza akarudi mwanzo, akagusa la kwanza.

"Moja," akasema.

Sauti yenyewe nzito kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mbili. Tatu. Efrazia akadakia. Kufikia kumi wote wanahesabu, hawanitazami tena. Ishirini. Ishirini na tisa. Hapo wengine wakanyamaza, njia ilikuwa imeisha. Happiness akasita, kidole hewani.

"Ishirini na kumi," akasema.

Nikafungua mdomo nisahihishe. Madam akanitazama, nikafunga.

Ishirini na kumi na moja. Ishirini na kumi na mbili. Akaendelea, hana haraka, gunzi kwa gunzi, mpaka lake mwenyewe. "Ishirini na ishirini na tatu."

Nikapiga hesabu kichwani. Arobaini na tatu. Sahihi! Hakuna mtu aliyemfundisha kujumlisha. Mimi niliyeandika kwenye andalio kwamba kujumlisha ni Alhamisi, sikumfundisha. Ametengeneza njia yake mwenyewe kutoka pale ilipokatika. Akagusa langu pale gotini: ishirini na ishirini na nne. La Madam, tano. La Mwalimu Mkuu, sita. Akaenda dirishani akanyoosha mkono, Anselm naye akapokea lake, muwa ukamdondoka. Ishirini na ishirini na saba.

Madam akamuuliza jina. Akamuuliza kwa nini anakaa mlangoni.

"Ukungu unapita hapa," Happiness akasema. "Nikikaa haufiki kwa wenzangu."

Mwalimu Mkuu akageukia ukuta. Madam akapenga kamasi, akaandika kwa muda mrefu. Hakuna mtoto aliyesema mbili. Mimi nilikuwa na kitu kwenye jicho, labda chaki.

Alhamisi, 15 Mei

Matokeo. Vioo na meza vinakuja kwetu. Madam ameandika kwamba chumba hiki hakifai kukaliwa na mtoto yeyote, achilia mbali watoto wenye akili kama hawa. Mwalimu Mkuu alinisomea mwenyewe. Kisha akafunua ukurasa wa pili, unaonihusu. Huo alinipa nisome mwenyewe. Nimeusoma mara moja. Inatosha.

Taaluma amepewa Anselm. Mimi nabaki awali mpaka Desemba. Madam ameandika: ili ajifunze.

Anselm amekuja nyumbani jioni na miwa miwili. Amesema kwamba ishara zile hata yeye asingezifikiria. Nikadhani ananicheka, nikamtazama vizuri, hakuwa anacheka. Tukatafuna. Kuanzia wiki ijayo yeye ndiye atakayekagua maandalio yangu. Muwa ulikuwa mtamu, hilo nalo linaniudhi.

Asubuhi nilihamisha mkeka wa Happiness katikati, karibu na Efrazia. Mlangoni nimekaa mimi. Ni kweli, ukungu unapita pale pale. Kufikia uji Efrazia alikuwa ameshamfundisha kusema nguku na kumpa kazi dukani. Nilienda kununua. Wamefunga wote wawili.

Jumatatu, 19 Mei

Wiki ijayo wanakuja watu kutoka Lushoto mjini kufunga vioo. Si mafundi tu. Mwalimu Mkuu anasema watakuja na wakubwa, na mpiga picha. Wakubwa! Na wakubwa wakiingia darasani huwa wanauliza maswali, hiyo ndiyo tabia yao.

Nimelitafakari jambo lililotokea na nimeona kosa langu lilipokuwa. Ishara zilikuwa nyingi mno. Mtu mwenye akili hujifunza.

Kristian fundi ana mabaki ya waya wa uzio, amesema nichukue tu. Ukiukunja mara mbili kwenye chupa na kuuvuta nyuma ya masikio, inakuwa miwani. Haina vioo, lakini kwenye picha nani ataona? Mtoto mwenye miwani anaonekana amesoma. Mkubwa akimwona anatikisa kichwa, anapita. Hamuulizi kitu, anaogopa kujibiwa.

Miwani arobaini na tatu. Salma ameuliza koleo lake liko wapi. Nimemwambia linatumika kwa shughuli za elimu. Ameuliza kama Mwalimu Anselm ameliona andalio la shughuli hiyo. Nikaendelea kuhesabu.

Nimemaliza sita. Ya saba ni kubwa kidogo, ni ya kwangu.